Mafuta Meusi ya Motokari

Juzi nilikuwa nje ya stesheni ya Morogoro nikila bagia. Mzungu mmoja, mwenye machimbo ya ulanga, yale mawe ya kumetameta, huko Uluguru, alisimamisha motokari yake ya mbio, ile inayotimua kuku wetu. Dereva wake akakinga kopo chini ya injini, akamwonyesha mafuta. Meusi tititi!

Mzungu alichovya kidole, akakiinua juu tukione sote. "Nilikupa mafuta rangi ya asali! Umeyauza, ukatia masizi. Viboko hamsa ishirini!"

"Bwana mkubwa, ni yaleyale," dereva alisema.

Mama muuza bagia akaelekeza mwiko kwenye karai lake. "Bwana, na haya yangu yalikuwa rangi ya asali. Mimi nani kaniibia? Mafuta yakifanya kazi huchafuka. Mwaga, tia mengine."

Mzungu akatazama karai, akatazama kopo, akafuta kidole kwenye suruali yake nyeupe. "Mwaga," akamwambia dereva. "Kila mwezi, tia mapya."

Dereva kapona. Ila nami nilichungulia karai lile, mafuta meusi kama ya kopo, nikaiweka bagia chini. Motokari imepata wa kuisemea. Matumbo yetu je?