Vetteno na Taji la Mwaloni

Siku hizi taji la majani ya mwaloni huning'inizwa kwenye milango ya watu ambao hawajaokoa hata paka kisimani. Mimi niliishi Aventino, kilima cha Rumi, lilipokuwa bado na maana, mlango kwa mlango na Numerio Vetteno, mwuza dengu, na nililiona likimmaliza.

Baba yake ujanani alikimbia vitani akaacha ngao. Mtaa ukamwita Mtupa Ngao, na Vetteno akawa Mwana wa Mtupa Ngao hata alipoota mvi. Alitaka kitu kimoja tu: taji lile la aliyeokoa mwenzake vitani, kabla mzee hajafa. Mwenye taji akiingia kwenye michezo, hata wazee wa Baraza husimama, na baba yake huheshimiwa pamoja naye. Nani tena angemtaja mzee kwa ngao?

Alilikaribia. Katika vita na Wagalia alimkinga Kaeso Herdonio, mtu wa nyumba kubwa, aliyekuwa ameangukiwa na farasi wake. Alimwua adui, akasimama pale pale mpaka jua likazama. Lakini taji halitolewi mpaka aliyeokolewa akiri kwa kinywa chake, na akishakiri, atamheshimu mwokozi wake kama baba mzazi hadi kufa.

Nilimsindikiza kwa Herdonio.

"Bwana, sema tu lile neno," Vetteno alimwomba. "Hutaniona tena hapa."

"Nikuite baba? Wewe? Nikuamkie mbele ya wageni wangu, nawe unanuka dengu?"

"Mzee wangu yu kitandani, bwana."

"Basi muuguze. Farasi wangu alijikwaa, nikainuka mwenyewe. Kwaheri."

Nilimchukia mtu yule. Sasa namheshimu kidogo: alikataa kwa kuwa alijua akilitamka neno lile itambidi alishike. Leo watu huitana baba kwa kikombe cha divai.

Vetteno akafunga duka. Umri wa kuitwa vitani ulikuwa umempita, akajipeleka mwenyewe.

"Unakwenda kutafuta mtu wa kuokoa," nilimwambia, "kama mtu anayetafuta mbuzi wake?"

"Safari hii nitamchagua maskini. Maskini haoni haya kupata baba."

Akampata. Vita vilipiganwa kwenye kinamasi, watu wote wamepakaa tope, hujui huyu ni wa kikosi gani. Vetteno alimwona mtu amezama hadi kiunoni, maadui wamemzunguka. Akamsimamia mpaka wakaondoka, na mkono wake wa kulia ukabaki pale. Aliyeokolewa aliitwa Vistinio, mwanamume mwenye ndevu na watoto wakubwa, naye ndiye aliyenisimulia yaliyofuata. Hakungoja kuombwa. Alimshika Vetteno magoti mbele ya jemadari, akalia, "Huyu ni baba yangu!"

"Kwenu wapi?" jemadari akauliza.

"Iguvio, bwana. Umbria. Sisi washirika wa Rumi tulikuwa ubavu wa kushoto, tope likatuchanganya."

Jemadari akamtazama Vetteno kwa huruma. "Taji ni la aliyeokoa raia wa Rumi, mzee. Huyu si raia. Mpeni divai, akae kivulini."

Vistinio alimleta nyumbani, akapanga chumba nyuma ya kwetu. Kila asubuhi alibisha hodi.

"Shikamoo, baba!"

Mtupa Ngao akasikia toka kitandani. "Numerio, nani anakuita baba? Ndiye wa taji?"

Vetteno akamvutia blanketi kwa mkono uliobaki. Mzee aliuliza hivyo mpaka sauti ikamkatika. Tulipoibeba maiti yake kwenda kuichoma, mwoka mikate akawaambia wateja wake, "Mtupa Ngao kafa." Hakusema kwa ubaya. Hakujua jina lake jingine.

Asubuhi iliyofuata Vistinio alikuja na uji wa shayiri.

"Shikamoo, baba. Kula kidogo."

"Usiniite baba!" Vetteno alipiga kelele, mtaa mzima ukatoka nje. "Ungekuwa raia! Ungekuwa raia, mbwa wewe, ningekuwa na baba mwenye jina!"

Akafunga mlango. Vistinio akaweka bakuli chini, akalifunika kwa vazi lake, akakaa hapo kungoja afunguliwe.