Famasi ya Uvunguni

Munira Mfaume ana duka la dawa Kilindoni, hatua chache kutoka sokoni. Kwa kuwa alikwenda Dar es Salaam kusomea ufamasia na akarudi, watu wa Mafia humwita dokta. Miaka miwili ya mwanzo alijaribu kuwasahihisha. "Mimi mfamasia, si daktari," alikuwa akisema. "Sawa, dokta," walimjibu, wakaendelea kumweleza matatizo yao.

Alirudi kwa sababu ya watu wawili. Wa kwanza ni Mansuri, mwalimu wa hesabu, aliyemsubiri miaka minne bila kunung'unika, kisha akamwoa. Wa pili ni mama yake, Bi Mwanahalima, ambaye hakumsubiri hata kidogo. Yeye alikuwa kwake Bweni, kaskazini kabisa mwa kisiwa, anasuka ukili wa mikeka barazani na kusema kwamba anayetaka kumwona njia anaijua.

Ukiingia dukani kwa Munira huulizwi umefuata nini. Unaulizwa kwanza habari za nyumbani, kisha watoto, kisha yule aliyekuwa anaumwa wiki iliyopita. Wenye haraka hulalamika. Lakini ni kwa maswali hayo aligundua kwamba mvuvi mmoja wa dago, wale wanaopiga kambi ugenini kufuata samaki, aliyekuja kutaka dawa ya malaria, hakuwa na malaria. Alikuwa na mke Kilwa aliyejifungua, na mtoto hajamsikia hata akilia. Munira alimpa simu yake apige. Yule bwana alisikiliza kilio dakika tano nzima, akaondoka mzima bila kununua chochote.

Mtu mmoja tu alikataa maswali ya Munira, na mtu huyo ndiye aliyemzaa.

Mwaka juzi Bi Mwanahalima alipimwa, presha ikaonekana iko juu, daktari akamwandikia kidonge kimoja kila asubuhi. Munira akachukua jukumu la kumpelekea. Mama yake husoma herufi za Kiarabu tu, na miwani haitaki kuiona, kwa hiyo juu ya bahasha Munira alimchorea jogoo, maana yake meza jogoo akiwika. Mchoro haukuwa mzuri. Mansuri alisema ni bata aliyekasirika.

Kila mwezi bahasha ya vidonge thelathini ilikwenda Bweni, na kila wiki ya tatu simu ililia.

"Mwanangu, dawa zimekwisha."

"Zimekwishaje, mama? Zilikuwa za mwezi mzima."

"Panya. Panya wa huku hawachagui."

Munira alituma nyingine. Vidonge vilikwisha, na presha haikushuka.

Basi Ijumaa moja asubuhi akaingia Mzee Marijani, mkwezi wa Bweni, mtu wa miaka sitini na kitu. Alisimama mlangoni akijifanya anasoma tangazo la vyandarua mpaka wateja wawili wanawake wakatoka.

"Shikamoo, baba Marijani."

"Marahaba, mwanangu." Akasogea kaunta, akashusha sauti. "Nimefuata ile ya jogoo."

Munira akainamisha macho kwa heshima. Wazee wanaokuja kuulizia jogoo si wachache, na alikuwa na maneno ya kuwajibu bila kumwaibisha mtu.

"Baba, jambo hilo huletwa na mengi. Umri, mawazo, hata sukari. Ingefaa upimwe kwanza. Na mama nyumbani anasemaje?"

"Yeye ananikanda kwa mafuta ya nazi, asubuhi na jioni."

Munira akakohoa.

"Lakini nikipanda mnazi mmoja tu," Marijani akaendelea, "yote mawili yanalia."

"Yote mawili?"

"Magoti, mwanangu. Wewe ulidhani nini?"

Mzee akatoa mfukoni kipande cha bahasha kilichokunjwa. Juu yake alikuwapo yule bata aliyekasirika.

"Nimepewa na mama yako. Dawa nzuri, ila haina nguvu. Tena Jumapili ilinitia kizunguzungu nikiwa juu kwenye makuti. Nikaukumbatia mnazi kama mke mpya, mpaka wenzangu wakaja kunishusha kwa kamba. Nipe kali zaidi."

Munira akakaa kitako kwenye kreti la soda. Kisha akainuka, akampima mzee presha, akakuta imeshuka kupita kiasi. Akamweleza taratibu kwamba alichokuwa anameza si dawa ya magoti, na kwamba asipande mnazi wala kumeza kidonge kingine. Akampa dawa ya kuchua. Halafu akampigia simu mama yake na kumwambia asimpe mtu yeyote kidonge, anakuja.

"Njoo na sukari," alisema Bi Mwanahalima.

Jumamosi Munira alifunga duka, jambo ambalo hulifanya sikukuu tu. Mansuri akampakia kwenye pikipiki, wakapigwa na mashimo na mchanga mpaka Bweni. Bi Mwanahalima alikuwa barazani na ukili wake. Munira alimwamkia, akaingia ndani moja kwa moja, akapiga magoti, akavuta mkoba kutoka uvunguni mwa kitanda, mahali mama yake huweka kila kitu chake. Ndani mlikuwa na vidonge, kila kimoja kimefungwa kwenye kipande chake cha karatasi.

"Mama, hii ni nini?"

"Si dawa zako hizo?"

"Ndiyo, na ni zako peke yako. Umempa nani?"

"Nimpe nani, nimnyime nani? Watu wanakuja hapa wanasema, Bi Mwanahalima, mwanao ana duka zima la dawa, sisi tunaumwa. Niwarudishe mikono mitupu? Ningeuficha wapi uso?"

"Na wewe mwenyewe umemeza vingapi?"

Mama akageuza ukili mkononi. "Mimi siumwi popote. Dawa ya nini kwa mtu asiyeumwa?"

Munira akamfunga kipimo mkononi. Presha ilikuwa mia na tisini kwa mia na kumi. Hakupandisha sauti. Alimsimulia Mzee Marijani alivyoning'inia juu ya mnazi, na kwamba mikono ile ingelegea kidogo tu, leo wangekuwa msibani. Bi Mwanahalima alikuwa amesikia kwamba Marijani alikwama, lakini hakuna aliyemwambia kwa nini. Aliweka ukili chini.

"Nilitaka wajue mwanangu ana faida," mama alisema.

Kisha akajitanda kanga, akatangulia njiani. Nyumba kwa nyumba walikusanya vidonge, na kila mlangoni Bi Mwanahalima alisema mwenyewe, "Nilikosea, nirudishieni." Mmoja alikuwa amekimeza kwa ajili ya jino. Mwingine alikifunga kwenye pindo la kanga akisubiri augue. Jirani yao Bi Shani alipoona picha kwenye bahasha alidhani ni dawa ya kuku, akasaga viwili akachanganya na pumba, akampa jogoo wake aliyekuwa na mafua.

"Akawaje?" Munira aliuliza.

"Alilala siku mbili. Lakini mafua yamekwisha," alisema Bi Shani, akataka kujua kama kuna vingine.

Mansuri ilibidi atoke nje akacheke nyuma ya nyumba.

Siku hiyo hiyo Munira alizungumza na muuguzi wa zahanati ya kijiji, wakapatana kwamba kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi watapima watu presha pamoja. Mhamasishaji akawa Bi Mwanahalima, na hapakuwa na mlango alioukosa. Mzee Marijani aliacha kukwea, sasa anauza madafu akiwa amekaa. Na kwa kuwa Bweni nzima ilijua habari ya vidonge, kila apitaye barazani asubuhi alimwuliza bibi, "Umemeza?" Ikambidi ameze hadharani, kikombe cha maji mkononi, apate kuachwa asuke. Miezi mitatu baadaye presha yake ilikuwa mia na thelathini na tano kwa themanini na tano.

Mwaka huu, alasiri ya siku moja kabla ya kufunga Ramadhani, alipiga simu dukani.

"Munira, kesho tukijaaliwa tunafunga. Hiki kidonge changu nikiweke wapi, daku au futari?"

Munira alikuwa na miaka kumi na moja katika kazi hii. Kisiwa kizima kilikuwa kimeshamwuliza swali la dawa, isipokuwa mama yake.

"Kimeze wakati wa daku, mama," alisema. "Na maji ya kutosha."

"Nilijua," alisema Bi Mwanahalima. "Nilikuwa nakupima tu."