Mgongo wa Karatasi

Nimefanya kazi ya masijala ya ardhi wilayani kwa miaka mingi, na nakasirika mtu akiniambia kwamba ni kazi ya kupanga mafaili. Kupanga mafaili hata mbuzi ataweza akifundishwa. Kazi yangu ilikuwa kupokea watu. Mtu akitaka kuona karatasi za kibanja chake, yaani shamba la nyumbani kwake, alikuja dirishani kwangu, akasalimia, akaketi kwenye benchi, nami nikatafuta jalada huku nikiuliza habari za migomba na kahawa. Hapo ndipo nilipopata maneno yangu ya siku nzima. Nyumbani sikuwa na wa kuongea naye. Mume wangu alikwisha kufa, na watoto wako Mwanza. Wakipiga simu wanauliza kama nimekula. Nikisema ndiyo, wanaaga.

Basi ukaja mfumo. Afisa wa TEHAMA alituletea mashine ya kuskani, akatuambia kila karatasi iingie kwenye kompyuta, na kwamba baada ya hapo mwananchi ataoneshwa jalada lake kwenye ofisi ya kijiji chake mwenyewe, bila kupoteza siku nzima njiani. Wenzangu walipiga makofi. Nami nilipiga, maana usipopiga utaitwa mkaidi.

Siku ya tatu niliona kosa. Huku kwetu karatasi ya ardhi ina desturi yake. Upande wa mbele ni wa serikali: jina, mipaka, muhuri. Mambo ya ukoo, kama vile mashemeji kukubali kwamba mjane akae kwenye kibanja cha marehemu mpaka naye afe, huandikwa nyuma, na alama za dole gumba hugongwa hukohuko nyuma. Wazee waliona si adabu serikali ikifungua jalada ikutane kwanza na ugomvi wa ndugu. Yule afisa, mtu wa kuja, angejuaje? Aliipanga mashine isome upande mmoja tu. Sisi wenyeji tulijua, lakini kila mmoja alidhani mwenzake amekwisha kusema. Nilipomwambia, alishika kichwa, tukaanza upya, mbele na nyuma.

Yote tuliyarudia, isipokuwa jalada moja.

Lilikuwa la mama mmoja kutoka upande wa Rugu, mjane, umri wa mama yangu, asiyejua kusoma. Kila msimu, kahawa ikishachumwa, alipanda bodaboda mpaka Nyaishozi, akatafuta gari la kumfikisha kwetu, kwa ajili ya kuona madole ya shemeji zake tu. Yalikuwa manne. Alikuwa anayagusa moja moja.

"Bado wapo?"

"Bado wapo, mama."

Baada ya hapo haja yake ilikuwa imekwisha, lakini hakuondoka. Alinifungulia maharage aliyoniletea, au senene, wale panzi wa kuliwa, kama ni wakati wao, tukaongea Kinyambo mpaka gari la kurudi. Aliniuliza nalala vipi. Alinigombeza kwa kukonda. Hakuna mwingine aliyejali kama nimekonda.

Jalada lake likanifikia kwa mara ya pili. Nilijua nikiuskani mgongo wa karatasi ile, madole yake ataoneshwa kijijini, kwa mtendaji, na dirishani kwangu hatakuwa na la kufuata. Nikalitia kwenye droo. Nikajiambia, kesho. Kesho nikajiambia hivyohivyo. Mtendaji wa kijiji chake alikuwa na upande wa mbele peke yake, nami nilijua, na kila siku nilikuja kazini, nikaketi mita moja kutoka kwenye droo ile.

Wakati huo watu walikwisha kupungua. Benchi lilihamishiwa chumba cha mikutano. Asubuhi nilifungua dirisha kwa mazoea, mchana nikalifunga, na pengine katikati hapo nilikuwa nimesema "karibu" mara moja, kwa mtu aliyekuwa anauliza choo kiko wapi. Upweke wa nyumbani nilikuwa nimeuzoea. Wa kazini ulinishinda.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi sikungoja kifo.

Yule mama alifika asubuhi moja ambayo haikuwa ya msimu wake, mikono mitupu, kanga imejaa vumbi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia kwa sauti ndogo. Shemeji yake mdogo alikuwa amemtaka ahame, kijana wake ajenge pale. Walikwenda kwa mtendaji, kompyuta ikafunguliwa, ukaonekana upande wa mbele tu. Mtendaji akasema mfumo hauoneshi makubaliano yoyote. Shemeji alirudi moja kwa moja kibanjani, akang'oa miramura, ile miti ya mpaka, kisha akaanza kukata migomba.

"Mwanangu, wanasema madole hayapo," aliniambia. "Yamekwenda wapi?"

Nilifungua droo mbele yake. Sikuwa na ujanja mwingine. Mashine ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Nikampigia simu mtendaji, nikamwambia afungue tena, nikamsikia anasoma majina ya mashemeji kwa sauti, wote wanne.

"Yapo," alisema. "Mwambie mama arudi kwake. Huyo shemeji namwita sasa hivi, na panga lake alete."

Mama alivuta pumzi, akajifuta uso kwa pindo la kanga. Halafu akaitazama ile droo iliyokuwa bado wazi.

"Lilikuwa humo?"

"Ndiyo, mama."

"Mashine iliharibika?"

Alikuwa ananipa mlango wa kutokea, na nilitamani kupita. Nikashindwa.

"Haikuharibika. Nililificha mimi. Nilitaka uendelee kuja. Hapa sina mtu."

Ningefurahi kama angenitukana, angeita watu. Migomba yake ilikuwa imelala chini kwa sababu yangu, na alikuwa na haki ya kupiga kelele mpaka ofisi nzima itoke.

"Ungeniita tu, mwanangu," alisema. "Ningekuja bila karatasi."

Alifunga kanga yake vizuri. Nilimwomba anywe chai, akasema gari litamwacha, na sote wawili tulijua gari la kurudi ni la jioni. Nilimtazama akivuka uwanja mpaka akafika barabarani.

Misimu miwili ya kahawa imepita tangu siku ile, naye hajaja tena. Njia ya Rugu naijua, na bodaboda Nyaishozi hazikosekani. Kinachonizuia ni aibu tu.