Bendera Nyekundu ya Mtua

Barabara ya matrekta ya mashamba ya karanga ya Wazungu ilipoikata njia yetu ya kisimani kijijini Mtua, tuliwekewa mtu mmoja na bendera mbili, nyekundu na ya kijani. Jina lake hatukulijua; tulimwita Bwana Bendera. Kila asubuhi alizikung'uta vumbi, akazikunjua taratibu kwa vidole vyake vyenye sugu, kama mtu anayefungua msahafu. Vumbi hilohilo lilikuwa limemkausha sauti, kwa hiyo hakupiga kelele. Aliinua mkono tu, lori la kokoto likasimama. Tulivuka na mitungi yetu kichwani, naye akimuuliza kila mmoja, "Mmeamkaje nyumbani?" bila kuyapa malori kisogo.

Siku ya kumtoa binti wa jirani yetu Mwamina unyagoni, tulifika barabarani tumembeba mwali mabegani. Mwali hakanyagi chini mpaka afike mlangoni kwao. Matrekta saba yalikuwa yananguruma, na msimamizi Mzungu akapaza sauti kutoka kwenye lile la mbele: "Waondoe hao! Inua kijani!"

Bwana Bendera akainua nyekundu.

"Ulinifundisha mwenyewe, bwana," alisema kwa sauti yake kavu. "Nyekundu ni kusimama. Na watu hawajaisha."

Basi tukavuka kwa ngoma na vigelegele, polepole, kwa makusudi kabisa. Madereva wakazima injini mmoja baada ya mwingine, wengine wakipiga makofi. Mwali alipokwisha kupita, bibi yake alirudi katikati ya barabara, akajifunga kanga vizuri, akacheza peke yake mpaka akatosheka. Matrekta saba yakamngoja.