Tofali Lililopungua Usagara

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya kutandika matofali uwanjani, Fundi Mkuu, mama wa Kijita mwenye sauti kama honi ya lori, alinikabidhi kamba ya kunyooshea safu, akanipeleka kanisani Usagara.

"Ukipindisha, kijana, pamba ya kwenu Magu inakungoja."

Kila muumini alikuwa ameleta tofali moja la mraba, jina lake limechorwa upande wa chini. Mwenyekiti wa Ujenzi aliyahesabu mwenyewe: elfu tano thelathini na tisa. Alitaka uwanja wa mstatili kamili, na kwa kuwa ni sadaka, lisikatwe tofali wala kubaki.

Nikapanga safu za sitini sitini. Ya mwisho ikapungukiwa moja. Nikabomoa, nikaweka sitini na tatu. Pungufu moja. Sabini: pungufu moja. Nafasi hiyo tuliiita pengo, na pengo kwenye kona ni aibu ya fundi.

"Umeiba sadaka!" Mwenyekiti akafoka.

"Shikamoo, mzee. Niibe tofali moja nijenge nini?"

"Marahaba. Choo!"

Fundi Mkuu akapiga hesabu kwa mkaa juu ya mfuko wa saruji, kisha akacheka mpaka akakaa chini. "Mzee, hakuna mwizi. Hii ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Labda nikutandikie mstari mmoja mpaka njia panda?"

"Basi tupunguze moja." Mwenyekiti akainua lililokuwa karibu, akasoma jina, akalirudisha taratibu. Lilikuwa la mama mkwe wake.

"Ongeza moja," akasema Fundi Mkuu. "Elfu tano arobaini inagawanyika kwa kila namba, moja mpaka kumi. Kwa sabini, unapata safu sabini na mbili."

"La nani? Waumini wote wameshatoa."

Wakanigeukia.

"Kijana, unasali wapi?"

"Nazunguka, mzee."

"Basi leo umefika."

Baadaye nilitandika Mkuyuni, Bukoba, Musoma, mpaka magoti yakagoma nikastaafu kabla ya mvi. Ninyi mnaoanza, gawanyeni idadi kabla ya kuvuta kamba. Mimi sijawahi kutulia mji mmoja. Lakini kule Usagara watu wanakanyaga jina langu kila Jumapili, na Mwenyekiti bado hunipigia simu kuuliza mwenye jina atalifuata lini.