Nakala Moja Imefunguka, na Shefu Wangu Hajui

Admin, nakuomba kwa jina la Mungu, ficha jina langu na picha yangu, na ukishaweka kisa hiki ufute ujumbe wangu. Nanyi mtakaosoma, msikitume kwenye kundi lolote la Kamina. Mji wetu ni mdogo, na neno likivuka reli asubuhi, linafika ofisini kabla yangu.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na minne. Baba yangu alikuwa fundi wa reli, akanisomesha kompyuta mpaka nikapata diploma. Nafanya kazi katika ofisi moja, sitaitaja, inayotunza majina ya wenye viwanja. Nani ana kiwanja gani, mpaka wake uko wapi, alikipata kwa nani: yote yalikuwa ndani ya kompyuta kuu moja, iliyounganishwa na zetu, na mimi ni mmoja wa wanaoyaingiza. Kila Ijumaa nilitakiwa kunakili kila kitu kwenye diski ya pembeni, kisha kuandika daftarini kwamba nakala imefanyika vizuri, na kutia sahihi.

Kosa langu naliungama kabla ya la mtu mwingine. Ili nakala iwe nzima, lazima kwanza programu ifungwe na kila mtu aache kuandika. Lakini umeme wetu ni wa jenereta, na Ijumaa mafuta huisha saa sita. Watu wamejaa kwenye benchi, wengine wametoka Luena kwa treni, shefu, mkuu wetu wa ofisi, anapiga kelele. Basi nilikuwa nanakili programu ikiwa wazi, wenzangu wakiendelea kuandika. Faili zilionekana nzima. Sikujaribu kufungua hata moja. Nilitia sahihi Ijumaa baada ya Ijumaa, miaka miwili.

Wiki tatu zilizopita, Jumatatu, tulikuta ile kompyuta imeungua. Shefu alisema ni radi. Kweli, Jumapili radi ilipiga. Lakini Ijumaa niliuchomoa waya wa umeme kwa mkono wangu, na Jumatatu niliukuta umelala sakafuni vilevile nilivyouacha. Radi ilipitia wapi?

Akaniita mbele ya wote. "Mamzele wa makopi! Leta bile bintu byenye unasinyaka kila juma, tuone!" Alitaka zile nakala ninazotilia sahihi. Wenzangu wakacheka. Kwenye kompyuta nyingine nikafungua nakala ya mwisho: imeharibika. Ya kabla yake, hivyohivyo. Kumi. Ishirini. Hakuna aliyetaka kungoja ya ishirini na moja. Nilidhani atanifukuza. Badala yake aliniwekea mkono begani, akasema polepole, "Usilie, mwana. Haiko mubaya. Tutaandika upya." Akatoa mkobani daftari jipya la jalada jeusi. Lilikuwa limeshajaa majina.

Tangu siku hiyo naingiza majina kutoka daftari lile. Mengi ni sahihi. Ila safu ya viwanja nyuma ya reli, zinakokaa familia za zamani, ina majina ambayo sijawahi kuyasikia. Wiki iliyopita alikuja mjane mmoja wa huko, nitamwita Mama Ngoie. Akainama dirishani kwangu.

"Mutoto, weye njo unaangaliaka majina mu masini. Ya kwangu ingali?"

"Iko, mama," nilijibu.

"Basi uichunge. Miye karatasi yangu panya ilikula. Hata panya ya kwetu iko na masomo!" Akacheka, akaniachia karanga. Wakati huohuo kiwanja chake kilikuwa mbele ya macho yangu, chini ya jina la mwanaume nisiyemjua.

Karanga zile sikuweza kuzila. Jumamosi nikaipeleka ile diski nyumbani, nikaazima kompyuta, nikazirudia nakala zote moja moja. Mchana, moja ikafunguka. Ni ya mwaka jana, siku ya mazishi ya mwenzetu, ofisi nzima ilipokwenda makaburini nami nikabaki peke yangu. Hakuna aliyekuwa akiandika, hakuna aliyenisukuma, kwa hiyo nilifunga programu kwanza. Yote yamo. Mama Ngoie yumo, na mipaka yake, na majirani zake wote.

Jumatano shefu akaniwekea barua mezani. Inasema hakuna nakala hata moja iliyofunguka, na kwamba daftari jeusi ndilo la kufuatwa. "Sinye kabla ya Jumatatu," akasema. "Ukisinye, kosa yako inabakia hapa kati yetu. Ukikatala, nitaonyesha daftari ya makopi. Sahihi ni ya nani? Ni ya weye." Nilipofika mlangoni akauliza, akitabasamu, "Makopi ulijaribu yote? Yote kabisa?" Nikasema yote.

Kesho yake droo yangu ilikuwa imefunguliwa. Hakuna kilichoibwa. Na tangu Alhamisi kuna mtu wa pikipiki anayesimama mbele ya nyumba yetu. Mama alimsalimia, akamuuliza anatafuta nani. Akajibu, "Nangojea muntu, mama. Siko na haraka."

Nikitia sahihi, familia zile zitaondolewa, na mkono wangu ndio utakaokuwa umeziondoa. Nikiitoa nakala, sahihi zangu za miaka miwili zitanifunga mimi. Na niitoe kwa nani? Majina ya daftari jeusi ni ya akina nani, sijui. Huenda ni ya haohao nitakaowapelekea. Nishaurini, ndugu zangu, nifanye nini kabla ya Jumatatu?

Mwenye ushauri aandike hapa chini, wazi, bila kukisia jina langu wala la ofisi. Nitasoma kwa simu ya jirani Jumapili baada ya misa, ila sitajibu. Msinitafute inbox, msiombe namba yangu. Akitokea mtu hapa akisema yeye ndiye mimi, kwamba mambo yameisha vizuri na anawashukuru, msimwamini. Hatakuwa mimi.