Safu ya Katikati

Jumapili ya tarehe 6 Juni 1993, mkata vitambaa wa karakana moja ya sare za shule alitandaza gauni la manjano la binti yake mkubwa juu ya meza ya chakula, akalipiga pasi, kisha akalikata vipande vya ukubwa wa kiganja. Mgongoni alikuwa na mvulana wa miezi minne. Chini ya meza mabinti zake wawili walikuwa wakigombania sega. Maharage yalikuwa jikoni, na yaliungua.

Alikuwa ameanza blanketi la viraka la kutosha kitanda cha futi tano kwa sita. Litakuwa na safu tatu pana, moja kwa kila mtoto: chini nguo za uchanga, juu kabisa nguo ya siku ya kuondoka nyumbani. Hakuwahi kushona hata foronya ya viraka. Lakini kazini alikata sare za watoto wa watu tangu asubuhi hadi jioni, bunda zima rangi moja, na alitaka kitu kimoja maishani ambamo wanawe wote watatu wamo.

Mumewe, fundi bomba, alivizunguka vile vipande kama mtu anayekagua bomba linalovuja.

"Mke wangu, hilo likiisha sisi tutakuwa tumeshafunikwa na udongo."

"Tangulia wewe. Mimi nitabaki namalizia pindo."

Miaka ile haikuwa na upenyo wa kupitisha hata uzi. Kulikuwa na surua iliyowapitia watoto wote kwa zamu, viatu vilivyopotea mguu mmoja mmoja, na hesabu za nyumbani zilizokumbukwa mlangoni asubuhi. Mama alishona kwenye foleni ya kliniki, alishona maji yakingoja kuchemka, alishona mapumziko ya mchana huku wenzake wakimtania kwamba anajitafutia kazi kama vile aliyonayo haitoshi. Mara moja sindano ilipotea sebuleni. Aliipata mumewe, kwa kuikalia.

Sheria ya nyumba ilikuwa moja: nguo haikatwi mpaka imekataa mwili wa mwisho. Gauni lilinunuliwa kwa ajili ya binti wa kwanza, likashuka kwa wa pili, likavaliwa mpaka likapauka. Hata likiwa mwaka wa tatu mwilini mwa wa pili, bado liliitwa gauni la dada. "Nenda kavae gauni la dada." "Nani kachana gauni la dada?" Kwa hiyo lilipokatwa hatimaye, mama alilipeleka kwenye safu ya dada bila kuwaza mara mbili. Mvulana alikuwa na kaptura zake. Safu ya katikati ndiyo iliyobaki nyuma, ina mapengo kama kinywa cha mtoto wa miaka saba, na mama akayaziba kwa mabaki ya karakana: buluu nzito, kijivu, damu ya mzee. Rangi zilikaa vizuri. Aliona hata kwamba zinatuliza blanketi zima.

Watoto walikua, wakaondoka mmoja baada ya mwingine. Mwezi uliopita mkata vitambaa, ambaye sasa amestaafu, aliwaita wote watatu waje kuliona kabla hajalishonea bitana, kwa sababu bitana ikishakaa hakuna tena kurekebisha. Alilitandika sakafuni. Wakavua viatu.

"Gauni hili ndilo nililovunjia jino," alisema mkubwa, akigusa kiraka cha maua katika safu yake.

"Jino ulivunja na gauni la mistari," akasema mdogo wake, ambaye siku hizi ni muuguzi. "Hilo la maua nililivaa mimi, siku uliponisukuma mtaroni."

"Nilikusukuma? Uliteleza."

"Niliteleza kwa mkono wako."

Kitinda mimba alicheka mpaka akakaa chini. Muuguzi alicheka pia, kisha akapiga magoti, akapitisha kidole kwenye safu ya katikati, kipande kwa kipande.

"Mama, hapa ndipo nilipo mimi?"

"Ndipo."

"Hizi ni sare za watoto wa watu. Wala sikusoma shule hizo."

Fundi bomba aliuliza kama kuna anayetaka chai.

"Zilipatana rangi," mama alisema.

"Zimepatana, kweli." Hakukuwa na hasira katika sauti yake, na hilo ndilo lililomchoma mama. "Nilivaa vya dada miaka yote nikasema sawa. Sikujua kwamba hata humu nimewekewa vya kuazima."

"Basi chukua vya kwangu," alisema mkubwa.

"Usinipe tena, dada. Vilikuwa vyangu vilevile."

Mama alilitazama blanketi. Kufumua safu mbili ni kazi ya miezi, na macho yake si yale ya zamani. Akafungua droo, akatoa chaki.

"Kaeni chini wote. Kipande ni cha aliyekichakaza. Semeni."

Wakasema. Walibishana kiraka kwa kiraka, watu wazima wakinyang'anyana kola na mifuko, na mama akawasikiliza pini zikiwa mdomoni. Alisikia habari za miti iliyoparamiwa kwa siri na za mwalimu aliyeogopwa, za mchana mrefu alipokuwa kazini na wanawe wakilea wenyewe kwa wenyewe ndani ya magauni yaleyale. Kufikia jioni nusu ya safu ya dada ilikuwa na alama ya chaki.

"Mtaniacha uchi," alisema mkubwa.

"Utavaa sare," akajibu muuguzi.

Jumatatu muuguzi anaanza likizo yake ya mwaka. Atahamia kwa mama yake kwa wiki mbili, na wataanza kufumua kutoka chini, kwenye nguo za uchanga.